Usijaze Gesi Kabla ya Kuziba Tundu

Somo: Yeremia 2:13, Mathayo 5:23–24



Wenye magari ya zamani hapa Ruiri mnaijua shida hii. Asubuhi kuna baridi, AC hata huikumbuki. Lakini teremka Isiolo saa sita mchana, gari limejaa watu wa nyumbani, uiwashe: inapuliza joto tu. Unaenda kwa fundi, anajaza gesi, na hewa inatoka baridi kama Timau. Wiki chache baadaye joto ni lile lile. Unarudi kujaza tena.

Sikiliza, mpendwa. Gesi ya AC si petroli, haichomwi ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kwa kompresa hadi kondensa pale mbele ya rejeta, kisha inarudi. Ikipungua kwa wiki chache, imevuja. Mara nyingi ni raba ndogo ya kwenye kiungo cha bomba, imekauka kwa miaka, au ilifunguliwa wakati wa matengenezo ikarudishwa ile ile.

Fundi mzuri hakimbilii gesi. Anaangalia kama feni inazunguka, kama kondensa imezibwa na vumbi na matope. Anapima presha, anatafuta panapovuja, anabadilisha raba, anavuta hewa na unyevu wote utoke. Ndipo anajaza, tena kwa kipimo, kwa sababu gesi ikizidi, baridi inapungua.

Na kuna hasara kubwa kuliko jasho. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, mafuta nayo yanatoka. Mwishowe kompresa inasagika, unanunua kompresa nzima kwa sababu ya raba.

Kanisa, kupitia Yeremia Mungu aliwaonyesha watu wake kosa lao: wamemwacha yeye aliye chemchemi, wakajichimbia visima vyenye nyufa. Je, sisi? Ijumaa tuko kesha, Jumapili tumewekewa mikono, tumejaa. Jumanne nyumbani ni moto! Basi tunatafuta kesha kubwa zaidi na mtumishi mwingine. Kesha ni nzuri, tuendelee nazo. Lakini inavujia wapi? Maana hapo hapo ndipo mafuta yanapotokea.

Kwa mmoja ni mkopo wa chama. Hajalipa, na akimwona mweka hazina sokoni anabadilisha njia. Kwa wengine ni mpaka wa shamba: ndugu wa tumbo moja, mwaka wa tatu hawasalimiani, na wote wanainua mikono kwenye ibada moja.

Yesu alisema nini kuhusu mtu kama huyo? Aiache sadaka yake pale madhabahuni, aende kwanza apatane na ndugu yake, kisha arudi kuitoa. Hakumwambia asitoe. Alimpa mpangilio. Ziba, halafu jaza.

Kwa hivyo kabla ya kesha ya Ijumaa hii, tafuta tundu moja tu. Piga simu kwa mweka hazina, lipa ulicho nacho, mpatane tarehe ya salio. Vuka mpaka wa shamba, umsalimie ndugu yako, hata kama yeye ndiye alianza. Kisha njoo tukuombee. Utajaa, na safari hii utakaa umejaa.

Amina.