Zima Injini, Ndugu Yangu

Ndugu zangu mnaoendesha, na ninyi mnaopakiwa, nawasihi tusimame pamoja pale sheli, mbele ya pampu, kabla hujatamka "weka ya elfu tano". Zima injini. Toa ufunguo. Abiria ashuke. Ukishafanya hayo ndipo kifuniko cha tenki kifunguliwe.

Jibu lako nalijua, maana linasikika kwenye kila foleni ya mafuta: "Mbona siku zote tunajaza hivihivi na hakuna kilichotokea?" Hakuna kilichotokea, ndugu yangu, kwa sababu siku hizo mvuke haukukutana na cheche. Basi. Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli, na mvuke huo huuoni. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa piga hesabu mwenyewe: Dar es Salaam, saa nane mchana, jua la Februari, nyuzi 32, na wewe umefungua tenki. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa chini, unaingia mtaroni, unapita chini ya gari la nyuma yako ambalo injini yake bado inanguruma, na unaweza kufika hadi kwenye jiko la mkaa la kaka anayechoma mishikaki pale ukutani. Nani aliyemruhusu kuwasha jiko pale? Na wewe unayemsubiri akuchomee, umewahi kumwambia ahame?

Kijana wangu wa bodaboda, kwako nitakaa, kwa sababu wewe hatari umeikalia. Tenki liko katikati ya mapaja yako. Umeingia sheli ukitokea Mbagala, umempakia mama mwenye mtoto mgongoni, injini imepata moto, ekzosi haigusiki. Hushuki. Mama naye hashuki. Unafungua kifuniko, mhudumu anaweka, na kwa kuwa hutaki kupunjwa hata tone unaitikisa pikipiki huku na huku ili yaingie zaidi. Mafuta yanafika juu, yanafurika, yanateremka ubavuni mwa tenki na kudondokea injini ileile ya moto. Ikilipuka hapo, wewe utaruka. Yeye, mtoto kafungwa kwa kanga na miguu yote iko upande mmoja, ataruka vipi? Mshushe! Mwambie kwa heshima, "Mama, shuka kidogo, nisubiri pale pembeni." Na mafuta yakimwagika usipige kiki hapohapo. Futa, isukume pikipiki kwa mikono mbali na pampu, acha ikauke.

Na wewe dereva wa daladala, jaza mafuta kabla ya kupakia. Watu wamebanana mpaka mlangoni, mlango wenyewe ni mmoja, na wewe unaingiza gari sheli kwa sababu kituo kinachofuata kina foleni. Abiria, msikae kimya. Nauli mliyolipa haikununua ruhusa ya kuwachoma.

Wapo watakaosema ajali ni mipango ya Mungu. Mimi namwamini Mungu, na kwa sababu hiyo sikubali asingiziwe. Mungu hakuiwasha sigara yako. Amekupa pua ya kunusa petroli na akili ya kujua maana ya harufu hiyo, nawe umevitumia vyote viwili kutafuta sheli yenye bei nafuu.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota. Moto ulipolipuka, waliokufa walipita 100. Miaka kumi nyuma, tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan nchini Kenya, lori lilianguka vilevile, watu wakachota vilevile, na zaidi ya 100 wakafa. Tulilia, tukazika. Lakini petroli ya Msamvu ndiyo hiihii inayotoka kwenye pampu. Kule ilimwagika yote kwa mara moja. Hapa tunaimwaga kidogokidogo, kila siku, kwa hiari yetu.

Tena madumu hayo. Dumu la mafuta ya kupikia si la petroli. Tafuta dumu madhubuti lenye kifuniko kinachofunga sawasawa, na wakati wa kujaza liwe chini, sakafuni. Usilijazie ndani ya buti wala nyuma ya pikapu iliyotandikwa plastiki, kwa sababu petroli inapopita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli, na dumu lisilogusa ardhi halina pa kuupeleka umeme huo isipokuwa kwenye cheche. Acha nafasi juu, maana petroli hutanuka ikipata joto. Umeme huohuo hujikusanya mwilini mwako ukitelezesha nguo ya nailoni kwenye kiti, hasa kiangazi cha Dodoma hewa ikiwa kavu. Ukishuka, gusa bati la gari kabla hujagusa tenki. Simu iache mfukoni. Unalipa kwa simu? Sogea mbali na pampu kwanza. Macho yaliyo kwenye kioo cha simu hayaoni mafuta yanayofurika.

Na moto ukishika mdomo wa tenki, nakuomba usichomoe pampu! Ukiichomoa unawamwagia moto walio karibu. Iache humohumo, rudi nyuma, piga kelele mhudumu abonyeze swichi ya dharura, watu waondoke, halafu pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mwenye sheli, nimekuweka mwisho kwa sababu una uwezo kuliko sisi wote. Binti uliyemkabidhi mpira wa pampu anavuta mvuke ule mchana kutwa. Anapomwambia dereva "zima gari, kaka", anatukanwa, dereva anatishia kwenda sheli ya jirani, na binti anakutazama wewe. Mtetee. Mwache mteja aende. Ndoo zako nyekundu zijae mchanga, si vichungi vya sigara na maganda ya machungwa. Mtungi wa kuzimia moto ushuke ukutani, binti aushike mwenyewe, afundishwe kuchomoa pini na kuelekeza mdomo wake chini, kwenye shina la moto. Afundishwe wiki hii, usingoje mkaguzi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje.