Kuvua na Kuvuliwa: Suala la Maadili katika Picha za Sanaa za Mwili Uchi

Wahakiki wa sanaa wa Magharibi wamebishana kwa muda mrefu juu ya mwili usio na nguo. Kenneth Clark, katika The Nude (1956), alitenganisha hali mbili: uchi wa mtu aliyepokonywa nguo, ambao huleta fadhaa, na uchi wa sanaa, ambao ni umbo lililofinyangwa likatulia. John Berger, katika Ways of Seeing (1972), aliipindua hoja hiyo. Kwake yeye, uchi wa kwanza humwacha mtu na nafsi yake. Wa pili humgeuza kitu cha kutazamwa. Wote wawili walitegemea maneno mawili ya Kiingereza. Kiswahili hakikuweka mpaka huo katika nomino zake, kwani uchi wa mchoroni na uchi wa bafuni huitwa kwa jina moja. Mpaka wa Kiswahili umo katika kitenzi: mtu huvua nguo, au huvuliwa. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ya kauli ndiyo mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuingia katika sanaa hii. Kabla ya kuuliza mwanga utoke wapi, sharti aulize ni nani mtenda na ni nani mtendwa.

Historia ya picha katika Afrika inaonyesha uzito wa swali hilo. Kadi za posta zilizouzwa mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwaonyesha wanawake wa vifua wazi, na aghalabu chini ya picha paliandikwa jina la kabila badala ya jina la mtu. Mahali ambapo kifua wazi hakikuhesabiwa uchi na wenyeji, kilifanywa uchi na jicho la mnunuzi wa mbali. Mtu aliyevaa kwa desturi yake alivuliwa na picha. Leni Riefenstahl alipochapisha picha zake za Wanuba wa Sudan mwaka 1973, Susan Sontag alimjibu mwaka 1975 kwamba kutukuzwa kwa miili hiyo kuliendeleza ujumi wa kifashisti ambao Riefenstahl aliutumikia katika filamu zake za miaka ya 1930. Uzuri wa picha, basi, haukuwa utetezi wa kutosha.

Matukio mawili ya Nairobi yanaufafanua mpaka wenyewe. Tarehe 3 Machi 1992, baadhi ya akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliokuwa wakigoma kula katika Bustani ya Uhuru pamoja na Wangari Maathai, walivua nguo mbele ya polisi waliokuja kuwatawanya. Uchi wao ulikuwa laana, na aibu ikawarudia waliotazama. Mnamo Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume, na tukio hilo likarekodiwa na kusambazwa. Wanawake waliandamana, na mwishoni mwa mwaka huo Kanuni ya Adhabu ikaongezwa kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Mwili ni mwili. Kilichotofautiana ni kauli ya kitenzi.

Yamkini mtu atasema kwamba ridhaa inatosha: aliyekubali amevua, hakuvuliwa. Hoja hii ina nguvu, lakini haimalizi suala. Ichukuliwe hali ya mpigapicha chipukizi wa Kibomet, karibu na mji wa Kitale. Anayesimama mbele ya kamera yake ni jirani, mwenye mama anayejulikana sokoni na mjomba anayejulikana kanisani. Huenda anahitaji karo au kodi ya nyumba, na ridhaa iliyonunuliwa na shida ni ridhaa yenye ufa. Isitoshe, kuvua ni tendo la saa moja, ilhali picha hudumu. Siku picha inapomfikia mtu ambaye hakutajwa katika makubaliano, aliyevua kwa hiari amevuliwa, tena bila yeye kuwapo. Sheria ya Kenya imeanza kuliona jambo hili. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inaadhibu usambazaji wa picha za faragha za mtu, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote.

Hapa ndipo picha inapoachana na riwaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilizuiwa kusomwa shuleni nchini Tanzania kwa kusema waziwazi mambo ya mapenzi, na ilistahili kutetewa. Lakini Rosa ni kiumbe wa maneno. Hana mtaa wa kurudi jioni. Roland Barthes, katika La Chambre claire (1980), alisisitiza kwamba picha hushuhudia kuwa kitu kilikuwapo mbele ya lenzi. Kwa hiyo uhuru wa mwandishi hauwezi kuhamishiwa kwa mpigapicha ukiwa mzima: wa kwanza hubuni mhusika, wa pili humwazima mtu.

Mwaka 1936 Edward Weston alimpiga picha Charis Wilson akiwa ameketi uchi, kichwa ameinamisha, uso hauonekani. Kufichwa kwa uso hakukuipunguzia picha sanaa. Mkunjo wa mikono na miguu ulibeba maana yote. Mwaka 1998 Wilson alichapisha kumbukumbu zake mwenyewe za miaka ile: mtendwa akashika kalamu. Chipukizi ana la kujifunza hapo. Afanye kazi na watu wazima pekee. Makubaliano yaandikwe katika lugha anayoifahamu mhusika, yakitaja picha zitaonyeshwa wapi na kwa nani. Mhusika aruhusiwe kuja na mwenzake, azione picha zote kabla hazijatoka, na aweze kukataa hata baada ya kulipwa. Kazi ianze na mgongo na mikono, kwa mwanga wa dirisha moja unaoacha nusu ya mwili gizani.

Masharti haya huenda yakaonekana kuwa pingu. Hata hivyo, mshairi wa Kiswahili ametunga kwa karne nyingi ndani ya vina na mizani, na fani yake haikufa kwa hilo. Picha ambayo mhusika wake hawezi kuitazama bila kujiona amedhulumiwa, hata iwe nzuri kiasi gani, imekosa jambo ambalo uhakiki hauna budi kulidai.