Bakuli Lisilosema Ahsante

Alfajiri mjini Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, watawa wa Kibudha hutoka mahekaluni wakitembea peku, mavazi yao ya rangi ya zafarani, kila mmoja na bakuli lililoning'inia begani. Kando ya njia wenyeji wamepiga magoti juu ya mikeka, mbele yao vikapu vya wali wa kunata. Mtawa hupita, tonge hutiwa bakulini, naye huendelea na mwendo. Hasemi ahsante.

Kwa aliyelelewa katika lugha isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke, kimya hicho chaweza kuonekana utovu wa adabu. Lakini mtawa haombi, wala hapewi hisani. Nidhamu ya utawa katika madhehebu ya Theravada humkataza kujipikia, kujiwekea chakula cha kesho, na kula baada ya adhuhuri. Hivyo kila kukicha uhai wake huanza upya mikononi mwa wengine. Akishukuru, tendo lingegeuka kuwa deni baina ya watu wawili. Mwenye sababu ya kushukuru ni mtoaji, aliyepata pa kuiweka sadaka yake na kuvuna thawabu.

Mkosoaji atasema hiyo ni biashara: wali kwa thawabu. Pingamizi hilo si jepesi, kwani wapo wafadhili wanaopenda majina yao yasomeke kwenye kuta za mahekalu. Mafundisho yenyewe yanakiri hatari hiyo: tendo hupimwa kwa nia, na anayetoa huku akihesabu atakachorudishiwa yu chini ya anayetoa kwa kuwa kutoa ni kwema. Tena, mfanyabiashara hamfukuzi mnunuzi mwenye fedha, ilhali watawa huweza kumkataa mtoaji.

Ndivyo ilivyotokea Myanmar mwezi Septemba 2007. Baada ya askari kuwapiga watawa mjini Pakokku, watawa walitangaza kutopokea sadaka za utawala wa kijeshi na watu wake. Waliandamana mitaani, baadhi yao wameshika mabakuli yaliyopinduliwa. Majenerali hawakuwa na njaa. Walichonyimwa ni nafasi ya kutoa. Utawala ulijibu kwa risasi, na pengine hiyo ni dalili kwamba adhabu ile isiyo na silaha iliwachoma.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Ikiwa kutoa hulainisha moyo, je, ni haki kumfungia mlango huo mtu ambaye moyo wake ndio mgumu kuliko yote? Nidhamu ya kale hujibu kwamba bakuli hurudishwa wima mkosaji anapokiri na kuomba radhi. Jibu hilo lamtosha jenerali. Halimtoshi mama wa kuruta, ambaye hakumpiga mtu, na ambaye tonge lake la asubuhi lilikuwa ibada yake yote. Huenda watawa walilijua hilo wakaona hakuna namna ya kuupindua mdomo wa bakuli nusu.

Kule Luang Prabang, kabla msafara haujarudi, watoto maskini husubiri kando ya njia na vikapu vitupu. Watawa, wengi wao wakiwa vijana wadogo tu, huchota sehemu ya wali waliopewa punde na kuutia humo. Bakuli hupungua kabla halijafika hekaluni.