Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Ndugu msomaji, leo sina hadithi ya mapenzi. Nina swali linalonikera tangu mwezi uliopita, na kwa kuwa limenishinda peke yangu, nalitua hapa mbele yenu, waandishi chipukizi wenzangu: kitu kikiwa kidogo na wanaokihitaji ni wengi, nani ana haki ya kukishika?

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya kata hapa Dar es Salaam, wafadhili walituletea kompyuta 12. Zilizowaka zilikuwa 7. Sisi wa kidato cha tatu peke yetu tulikuwa 150. Zikawekwa katika chumba chenye nondo madirishani, zikafunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya bibi harusi. Mwalimu mhusika alikuwa na vipindi hadi shingoni, basi ufunguo akanikabidhi mimi. Kwa nini mimi? Nilikuwa kiranja, na nilishajua kuwasha na kuzima, maana mjomba wangu ana steshenari. Agizo lilikuwa moja tu: "Usiwaingize watakaoharibu."

Kila mchana nilijifungia mle. Nikajifunza kuchapa kwa vidole vyote kumi. Hadithi yangu ya kwanza niliichapa mle mle. Marafiki zangu wanne niliwaingiza. Waliobaki niliwapima kwa macho: huyu ana papara, yule ana mikono michafu, yule kule mhuni.

Alikuwepo msichana tuliyembatiza jina la Maswali, kwa sababu hakuna mwalimu aliyemaliza kipindi bila kuulizwa naye. Alisikia kwamba kompyuta mojawapo ina programu ya baiolojia inayoonesha moyo ukisukuma damu. Akanifuata. "Kaka kiranja, naomba dakika kumi tu nikaone vali inavyofunguka. Kwenye kitabu imesimama tu." Nikamwambia aje kesho. Alipokuja nikamwambia umeme hakuna, na umeme ulikuwepo. Mara ya tatu nikamwuliza, "Umeshawahi kushika kompyuta?" Akasema hapana. "Basi utaiharibu," nikasema, nikafunga mlango.

Mwezi uliopita nimemwona tena. Mie siku hizi mchana nachapa kazi za watu kwa mjomba, usiku naandika riwaya yangu. Maswali akaingia na barua ya kuomba kazi, kaiandika kwa mkono, mwandiko mzuri kweli.

"Shilingi ngapi ukurasa?"

"Elfu moja."

Nikamchapia. Alitazama vidole vyangu muda mrefu, halafu akasema bila hasira yoyote, "Kumbe wewe ulijifunza vizuri." Akalipa. Nami nikapokea.

Tangu siku hiyo najitetea kichwani kama mshtakiwa asiye na wakili. Utetezi wangu wa kwanza ni huu: vitu vilikuwa vichache, vikivunjika tungekosa wote. Wala si utetezi wa kijinga. Hata serikali yetu, baada ya mipango ya kutumia kompyuta katika hesabu za Hazina kwenda mrama, ilipiga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini. Hofu ya hasara ni hofu ya watu wazima wenye akili. Lakini zile kompyuta zetu ziliishia wapi? Nilipomaliza kidato cha nne zilikuwa zinawaka 3. Panya walikula nyaya, vumbi likafanya yaliyobaki. Hakuna mwanafunzi aliyeziharibu. Zilikufa zikiwa zimevaa vitambaa vyao.

Utetezi wa pili: eti kompyuta hazisaidii chochote. Hapa nina ushahidi. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 na benki ya maendeleo ya nchi za Amerika haukuona alama za hisabati na lugha zikipanda. Sawa. Mashine haifundishi yenyewe, na mwalimu asiyeandaliwa ataiona kama mgeni asiyealikwa. Ila upande wa pili kuna New Delhi, India. Mwaka 1999 Sugata Mitra alipachika kompyuta ukutani katika eneo la Kalkaji, jirani na makazi ya maskini, akawaachia watoto. Bila mwalimu, kwa kusukumana na kubishana, wakajifunza kuitumia. Sidai kwamba ukuta ungemweleza Maswali habari za vali. Hilo lilihitaji mwalimu. Nasema tu kwamba hakuna aliyewauliza watoto wale kama wameshawahi kushika.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Niligeuza kutojua kuwa hatia. Ufunguo alipewa aliyekwisha kujua, naye akawafungulia wanaofanana naye. Lakini mtu haji shule kwa sababu anajua, jamani! Anakuja ili akosee mahali ambapo kukosea kunaruhusiwa. Chombo cha kujifunzia kisichoruhusiwa kuharibika ni pambo. Wahenga walishamaliza: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Juzi nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Kompyuta 7, watu watatu kila moja, ni watu 21 kwa mchana mmoja. Watu 150 wangemalizika katika michana minane. Kila mmoja, hata yule mhuni, angepata zamu kabla wiki mbili za shule hazijaisha. Hesabu hiyo ilinichukua dakika moja. Miaka ile sikuwa na dakika hiyo, nilikuwa nachapa hadithi kuhusu tajiri dhalimu.

Mnaosema mambo ya zamani hayo, angalieni vizuri. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilipelekwa kwa walimu. Ni jambo jema. Lakini kila kifaa kinachoingia shuleni kinaingia na ufunguo wake, na ufunguo una mtu wake.

Mswada wangu umefika kurasa 140. Sitauchana, kuuchana hakutampa Maswali dakika zake kumi. Nimemwomba mjomba mashine moja, saa moja, kila Jumamosi, kwa yeyote asiyewahi kushika. Maswali nimempelekea habari. Jumamosi mbili zimepita hajaja, na sina haki ya kumlaumu.

Ile elfu moja yake iko kwenye droo, sijaitumia. Nikimrudishia nitakuwa nimelipa deni, au nitakuwa nimenunua usingizi? Nyie mnasemaje?