Ukurasa wa Ngapi?



Nikiandika tasnifu yangu ya falsafa kuhusu Mwalimu Nyerere, niliweka sentensi moja tamu sana juu ya haki, kisha mabano: (Nyerere, 1968). Msimamizi wangu akaizungushia kalamu nyekundu: "1968 ipi? Ukurasa wa ngapi?"

Kumbe mwaka ule Mwalimu alitoa vitabu viwili, Freedom and Socialism na Ujamaa: Essays on Socialism. Ndiyo maana kanuni za marejeo zinataka uandike 1968a na 1968b, upate na ukurasa. Nikavipekua vyote viwili. Sentensi haimo. Ukweli ni kwamba niliitoa kwenye stetasi ya WhatsApp, yenye picha ya Mwalimu na kifimbo chake.

Wengi tunaiweka dhambi hii kwenye amri ya saba, usiibe: umechukua wazo la mtu bila kumtaja. Lakini mimi sikumwibia Mwalimu kitu. Nilimwekea maneno mdomoni, halafu nikayatilia mabano ili yaaminike. Hiyo ni amri ya nane. Mabano ni ushahidi. Yanamwambia msomaji, nenda pale utayakuta. Kama mwenyewe hukufika, unashuhudia nini?

Mtu atauliza: mbona mwandishi wa Waraka kwa Waebrania (2:6) anasema tu kuna mahali mtu ameshuhudia, hataji hata Zaburi? Swali hili lilinisumbua kweli. Nadhani wasomaji wake walikuwa na Zaburi ya 8 vichwani. Angepotosha neno wangemkamata palepale. Sisi Mwalimu hatumjui kwa moyo namna hiyo, kwa hiyo namba ya ukurasa inashika nafasi ya kumbukumbu tusiyokuwa nayo.

Na kwetu Mara jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri huyu mtoto wa Butiama, na katika mchakato wa namna hiyo maandishi ya mtu huchunguzwa. Sasa sentensi isiyo yake, hata ikimpamba, inamsaidiaje?

Niliifuta. Sura ya tatu ikapungua mistari miwili na hoja yangu ikachechemea, mpaka nikaijenga upya kwa maneno yangu mwenyewe. Juzi nimeikuta tena kwenye kundi la vijana wa parokia. Safari hii chini yake wameandika: Mtakatifu Augustino.