Chombo na Amana

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii isemwapo, sikio hukimbilia mali na kulisahau daftari, kana kwamba daftari lenyewe halipotei. Lakini daftari nalo huliwa na mchwa, hulowa, huibiwa, na katika zama hizi za kompyuta hukataa hata kufunguka. Swali ambalo methali haikuliuliza ni hili: mwenye kutaka kumbukumbu iwafikie vitukuu vyake aitie katika chombo gani, na akishaitia, je, wajibu wake umekwisha?

Uchukuliwe mfano wa Kendwa, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini-magharibi ya Unguja, ambacho ufukwe wake sasa umejaa mahoteli. Mvuvi mzee wa huko anayajua majina ya miamba, mikondo na pepo, tena huyataja kwa Kitumbatu, lahaja ya watu wa Tumbatu na wa ncha ya kaskazini ya kisiwa. Mjukuu wake akimrekodi kwa simu, hupata kitu ambacho kalamu haikipati: sauti yenyewe, na vituo vyake, na kicheko chake. Mzee atakapofariki, huenda sauti ile ikawa ndiyo ushahidi pekee wa jina la mwamba fulani. Na simu huanguka majini, huibiwa, huuzwa. Kuchagua chombo hapa si jambo la ufundi tu. Ni kuamua nani atasikika na nani atanyamaza.

Pwani hii imewahi kuvijaribu vyombo vingi. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jiwe lile limepita karne tisa, na halimdai msomaji chochote ila macho na elimu ya herufi. Lakini jiwe ni bahili wa maneno, wala haliwezi kubeba sauti ya mvuvi.

Karatasi hubeba mengi zaidi. Hati kongwe ya Utendi wa Tambuka inayojulikana ni ya mwaka 1728, na mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Hata hivyo, tenzi nyingi za kale hazikufika kwa sababu karatasi ya kwanza ilidumu. Zilifika kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyeketi akanakili.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti ya kisiwa ikaingia katika santuri. Mfuo wa santuri huonekana kwa macho, na hata mashine isiyo na umeme huweza kuuimbisha. Baada yake ukaja utepe wa sumaku. Huu ulibeba saa nyingi za muziki na hotuba, lakini gundi inayoshika unga wake wa sumaku hunywa unyevu wa hewa, na mashine za kuusomea zinazidi kuadimika.

Vyombo vya leo vina kasoro hiyo hiyo iliyozidishwa. Diski ya kompyuta huenda ikafa baada ya miaka michache tu ya kazi. Kumbukumbu ya flashi huhifadhi data kwa chaji ndogo mno za umeme, nazo huvuja taratibu ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa. Sidii ya kurekodia hutegemea rangi inayochakazwa na joto na mwanga. Utepe wa LTO, unaotumiwa na hifadhi kubwa tangu mwaka 2000, hutajwa na watengenezaji kuwa unaweza kukaa kiasi cha miaka 30. Lakini mashine ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, husoma kanda za kizazi chake na za kile kimoja kilichoitangulia, basi. Utepe unaweza kuwa mzima hali msomaji wake amekwisha kufa. Waingereza walilipata funzo hili mapema: kitabu chao cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086 kingali kinasomeka, ilhali diski ambazo BBC ilizitoa mwaka 1986 kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho zilikuwa taabu kuzisoma kabla ya miaka ishirini kutimia.

Wako wanaosema kuwa dawa ni kuyapeleka yote katika lile liitwalo wingu. Lakini wingu ni mashine za watu wengine, zilizoko katika nchi za watu wengine, na hudumu maadamu ada inalipwa na njia iko wazi. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi, baada ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka bara. Aliyeweka kila kitu ng'ambo ya umeme alikuwa nacho kwa jina tu.

Chini ya mabishano haya yote yamejificha matamanio mamoja: kupata chombo ambacho mtu akishakitia kitu atakwenda zake kulala. Hapo ndipo suala linapogeuka kuwa la maadili. Aliyepokea amana halaumiwi ikipotea bila ya uzembe wake. Hulaumiwa akiiacha mahali anapojua kuwa itaharibika. Ajuaye kuwa diski hufa, kisha akaiachia diski moja sauti ya babu yake, amekwisha kuipoteza, ingawa leo bado inasikika.

Itapingwa kuwa mikono ya watu nayo si salama. Anayenakili huchagua: hukiacha kinachomwaibisha, hukipamba kinachompendeza, na wanyonge husahauliwa kwanza. Jiwe la Kizimkazi halimwonei haya mtu. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake si kurudi kwenye jiwe. Desturi ya wahifadhi inataka nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja ikae mbali. Kwa kawaida husemwa kuwa hiyo ni kinga ya moto na maji, lakini nakala zikikaa kwa watu wasio na maslahi mamoja huwa pia kinga dhidi ya mwekaji mwenyewe. Kompyuta nayo imeleta kitu ambacho wanakili wa zamani hawakuwa nacho: huweza kulikokotoa faili zima na kutoa namba iliyo kama alama ya kidole chake, na chembe moja ya data ikibadilishwa, namba nayo hubadilika. Namba hiyo haimlazimishi mtu kuwa mkweli, ila humfichua aliyechezea nakala.

Tena amana haiwekwi kwa ajili ya kuwekwa. Huwekwa ili irejeshwe. Hati nyingi za Kiswahili zimetunzwa vyema London na Hamburg, na watunzaji wake wanastahili shukrani. Lakini iwapo kijana wa Kendwa atahitaji viza ndipo aisikie sauti ya babu yake, basi sauti hiyo imesalimika bila kurudi kwa mwenyewe. Nakala moja ikae mbali. Nyingine lazima ikae kijijini, skulini au nyumbani, ambapo atakayeitaka ataifikia kwa miguu.

Na hata jiwe halisimami peke yake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Disemba 2020. Nyumba za mawe na chokaa huhitaji paa zizibwe na kuta zipigwe lipu, mwaka baada ya mwaka. Aliyedhani zimesimama kwa nguvu za mawe hakuwaona mafundi.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja, chombo, kwa kitu cha kuhifadhia na kwa jahazi pia. Mafundi wa Nungwi, jirani na Kendwa, hawamuulizi mtu ni mbao gani isiyooza. Huchagua mbao njema, kisha hujua kuwa chombo kitapandishwa pwani, kitiwe kalafati, kipakwe deheni, na ubao mbovu utolewe kabla haujaharibu wenziwe. Baada ya miaka mingi huenda mbao zote zikawa mpya, na chombo bado kikaitwa kwa jina lake. Mjukuu aliyemrekodi babu yake anunue diski nzuri kadiri ya uwezo wake. Kisha aandike mahali panapoonekana tarehe ya kuinakili tena, na jina la mtu aliyekubali kuifanya kazi hiyo endapo yeye hatakuwepo.