Niende Kuishi Wapi, Mchungaji?

Jumapili moja baada ya ibada, binti mmoja anayefanya kazi hotelini kule Matemwe alinisubiri mpaka washarika wote walipokwisha kutoka. Alikuwa ameondoka huko alfajiri kwa daladala, mwendo wa kama kilomita 50 hadi mjini, kama wafanyavyo vijana wetu wengi wa Bara waliokuja Unguja kutafuta kazi. Alinisalimu, akakaa, akatoa karatasi mkobani. Alikuwa ameichora safu, na juu ya kila safu ameandika jina la mahali: Madrid, Malabo, na mji mmoja mdogo wa Kolombia. Chini yake kulikuwa na mshahara, kodi ya nyumba, nauli na masharti ya viza.

“Mchungaji,” akasema, “nataka kwenda kufundisha Kiingereza, huku nikifanya mazoezi ya Kihispania. Niende kuishi wapi?”

Mimi nilikuwa na haraka. Nikaitazama karatasi, nikaona Madrid ndiko kwenye mshahara mkubwa, nikamwambia, “Hesabu zako zimekwisha kukujibu, mwanangu.” Tukaomba, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nimemjibu kama dalali, na sikumjibu kama mchungaji. Makala hii ni jaribio la kulijibu upya swali lake, kwa kuwa najua wapo wazazi na vijana wengi katika sharika zetu wanaoliuliza.

Kwanza niseme kwamba karatasi ile haikuwa na dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Wala kutamani lugha si anasa. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule, na katika waraka ule alizifananisha lugha na ala inayohifadhi upanga wa Roho. Kihispania nacho ni lugha kubwa. Nchi zipatazo 20 hukitumia kama lugha ya taifa, na mojawapo iko katika bara letu: Guinea ya Ikweta, ambako Malabo ni mji wa kisiwani kama mji wetu huu. Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Mfanyakazi wa hoteli ya Matemwe anayewapokea wageni wa kutoka Hispania anajua thamani ya lugha hiyo kabla hajaambiwa na mtu.

Tena binti yule alikuwa amefikiri vizuri. Aliniambia kwamba katika miji mikubwa yenye wageni wengi, ukianza kubabaika kwa Kihispania, mwenyeji anakuhurumia na kukujibu kwa Kiingereza. Katika mji mdogo huna pa kukimbilia, utasema tu. Aliniambia pia jambo lililoniuma. Matangazo mengi ya kazi ya kufundisha Kiingereza hutaka mwalimu mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au nchi kama hizo, kana kwamba lugha hukaa ndani ya pasipoti. Yeye aliyekipata Kiingereza kwa taabu, anayejua mwanafunzi hujikwaa wapi kwa sababu alijikwaa papo hapo, huambiwa kwamba hafai. Basi alikuwa na haki ya kuhesabu kwa makini.

Lakini karatasi ile ilikosa kitu kimoja. Haikuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa na miji, fedha na lugha.

Wapendwa, mnakumbuka habari za Lutu katika Mwanzo sura ya 13. Abramu alimpa nafasi ya kuchagua, naye Lutu akainua macho akaliona bonde la Yordani lenye maji kila mahali, akalichagua. Biblia haimlaumu kwa kupenda maji. Mchungaji wa mifugo asiyetafuta maji ni mpumbavu. Lakini hatusomi kwamba aliuliza ni akina nani wanaokaa kule, wala yeye atakuwa nani kwao. Aliuliza nchi ile itampa nini. Alisogeza hema zake mpaka Sodoma, na tunajua jinsi alivyotoka.

Ninaposema hivi simhukumu Lutu kwa mbali. Miaka iliyopita nilikaa mwaka mmoja Ujerumani, nikiwa mgeni wa usharika rafiki. Mzee mmoja mjane alinialika kahawa kila Alhamisi. Alinisahihisha Kijerumani changu kwa uvumilivu mwingi, neno kwa neno, nami nilikwenda bila kukosa kwa sababu nilihitaji mazoezi. Nilipoweza kuhubiri kwa Kijerumani bila karatasi, nikaanza kuwa na shughuli nyingi siku za Alhamisi. Nilirudi nyumbani bila kumuaga. Baada ya miezi kadhaa nikaandikiwa kwamba amefariki, na kwamba alikuwa akiuliza kama yule kijana wa Tanzania ni mgonjwa, mbona haji. Kijerumani changu bado ninacho. Kila ninapokitumia namkumbuka.

Hapo ndipo lilipo swali la kimaadili ndani ya swali la binti yule: je, ni halali kwenda kuishi kati ya watu kwa ajili ya kuwatumia kama mazoezi?

Mtu atasema, mbona sote hutumiana? Mtoto hujifunza kusema kwa mama yake, wala hatumwiti mwizi. Muuza samaki ananihitaji, nami namhitaji. Hilo ni kweli, na sisi Walutheri tuna sababu ya kulikubali zaidi, maana tumefundishwa kwamba Mungu hutuhudumia kwa mikono ya jirani. Mkulima, mvuvi na mwalimu ni njia za Mungu za kutupa mkate wa kila siku. Kumhitaji mtu si kosa. Mtoto aliyejifunza kwa mama yake hamwachi mama akishajua kusema, na hapo ndipo mimi nilipokosa. Nilipokwisha kupata nilichokitaka kwa yule mzee, kwangu hakuwa na kazi tena. Kipimo ninachokijua ni hiki: haja yangu ikiisha, je, mtu huyu bado ni jirani yangu?

Sasa tutazame upande wa pili wa safari yake, yaani kufundisha. Hapa Unguja tunajua Kiingereza kina nguvu gani. Kijana wa kijijini asiyekijua hupata kazi ya bustani au ya ulinzi, na meza ya mapokezi hupewa mtu aliyekuja na lugha. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza, popote aendapo, huingia akiwa ameshika kitu ambacho wenzake wanakitamani. Wataitika kila asemalo. Ni rahisi sana kwake kufikiri kwamba yeye ndiye mwenye kutoa na wao ni wenye kupokea. Na ikiwa ni Mkristo, jaribu lingine linamvizia, la kuifanya lugha iwe chambo cha kuwavutia watu dini. Mtu akijifunza Kiingereza kwetu, tumpe Kiingereza kizuri bila hila. Akituuliza habari za tumaini letu, tutamjibu kwa upole.

Mwenye kujifunza lugha yuko mahali tofauti kabisa. Anarudi kuwa mtoto. Anaomba maji na kuletewa chumvi. Watoto wanamcheka. Muuza duka anamngoja amalize sentensi. Anaishi kwa subira ya wengine.

Ndiyo maana nimebadili mawazo juu ya mpango wa binti yule. Mwanzoni nilidhani kufundisha na kujifunza ni mambo mawili aliyoyaunganisha kwa ajili ya kupunguza gharama. Sasa naona kwamba vikikaa mahali pamoja huponyana. Anayefundisha tu ataota kiburi. Anayejifunza tu atageuka mtalii, akusanye maneno na kuondoka. Yule ambaye asubuhi ni mwalimu na jioni ni mwanafunzi, mbele ya watu walewale, ana nafasi ya kuwa jirani yao.

Mtume Paulo alipitia hali hiyo. Katika Matendo sura ya 16 tunasoma kwamba alizuiliwa njia mbili alizozitaka, kisha usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia akimwomba avuke akawasaidie. Alivuka kama msaidizi. Alipofika Filipi, Bwana alifungua moyo wa Lidia, muuza zambarau, naye Lidia akamshurutisha Paulo na wenzake wakakae nyumbani kwake. Aliyekuja kusaidia akajikuta ni mgeni anayelishwa. Injili iliingia Filipi huku mhubiri akila chakula cha mwenyeji wake.

Karibu na kwetu tunaye Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyelelewa katika Ulutheri na kutumwa na chama cha misheni cha Kianglikana, CMS. Alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya kumtambulisha kutoka kwa Sultani Said. Angeweza kukaa hapa mjini, lakini akachagua Mombasa, kwa sababu shabaha yake ilikuwa Waoromo wa bara; watu wa pwani walikuwa kwake njia ya kupitia. Julai mwaka uleule mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Misheni kwa Waoromo, aliyoiota, haikutimia mikononi mwake. Kilichobaki ni kile alichopewa na watu wa pwani: sarufi ya Kiswahili iliyochapwa 1850, na kamusi iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kamusi ile ni kumbukumbu ya watu wasiohesabika ambao walimvumilia mgeni aliyekuwa akiuliza kila siku, hiki mnakiitaje? Alikuja kufundisha, na Mungu akamweka miaka mingi kwenye benchi la wanafunzi.

Nilimpigia simu binti yule wiki iliyofuata, nikamwomba radhi kwa jibu langu la haraka. Nilimwambia aongeze maswali matatu kwenye karatasi yake. Huko niendako, nani ananihitaji kweli, hata kama hana uwezo wa kunilipa vizuri? Nani nitamhitaji mimi, mpaka niwe na deni kwake? Na siku haja yangu ya lugha ikiisha, ni nani nitaona vigumu kumwacha?

Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amelitaja. Kwa karibu mwaka mzima amekuwa akifundisha Kiingereza wanawake wa kijijini Matemwe, jioni tatu kwa wiki, barazani kwa mmoja wao. Ratiba yao hufuata bahari. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanawake wako kwenye mwani na pweza, na darasa husogezwa. Alianza darasa lile, alisema, ili apate uzoefu wa kuandika kwenye maombi ya kazi. Jioni moja aliwaambia kwamba atasafiri. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ndiyo kwanza ameweza kumwambia mgeni bei ya sabuni zake za mwani bila mkalimani, alimuuliza, “Kwani sisi tulikuwa mazoezi yako tu, mwalimu?”

“Sikuwa na la kumjibu, Mchungaji,” akaniambia. “Na wao ndio walionifundisha kuishi kule. Nilipougua, walinipikia uji.”

Sikumwambia abaki. Abrahamu aliitwa aondoke, na wapo wanaoitwa kuondoka hata leo. Kuwafungia vijana wetu mlango kwa jina la Mungu ni kosa kubwa kama kuwasukuma nje kwa ajili ya fedha. Nilimwambia tu kwamba mtu hawezi kujifunza kuwa jirani akiwa safarini ikiwa anaanza safari kwa kuwakimbia majirani alionao. Yeremia alipowaandikia wahamishwa wa Babeli (sura ya 29), aliwaagiza wajenge, wapande na kuuombea amani mji ule, na hao walikuwa watu ambao siku moja wangeondoka. Kwao kupanda hakukungoja uhakika wa kubaki.

Ameahirisha safari. Wanawake wawili walioelewa zaidi anawaandaa waweze kuliongoza darasa wenyewe, na mama wa sabuni ni mmoja wao. Mwezi uliopita alinionyesha karatasi mpya. Miji ni ileile mitatu, na mishahara ni ileile, lakini chini ameongeza mstari wa majina ya watu. Kwenye safu ya Malabo kuna jina la mwalimu mmoja wa shule aliyemwandikia kwamba wanafunzi wake wanahitaji Kiingereza, na kwamba yeye mwenyewe atamsahihisha Kihispania chake. Kwenye safu ya Kolombia kuna majina mawili. Safu ya Madrid bado ni tupu, na anaendelea kuulizia.

Tumwombee. Na wewe, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako kuna karatasi kama ile, iwe ya mtoto wako au yako mwenyewe, usiichane. Keti naye, muuombe mstari wa mwisho pamoja.